Shimo la Mguu wa Kushoto

Jumamosi, 1 Machi

Mikimbio miwili. Miwili! Nimevaa pedi, glavu, helmeti, nimejipaka mafuta ya jua mpaka puani utadhani bi harusi — halafu zamu yangu ya kupiga kwenye kriketi imedumu muda wa kumaliza glasi ya maji. Mpira wa tatu nikaunyanyua juu, taratibu, ukaenda kutua mikononi mwa mrushaji mwenyewe. Hakuhitaji hata kusogea, na ukidakwa umetoka.

Sindano akanipokea benchini. Ndiye mrushaji wetu wa kasi, mwembamba, ulimi wake una kasi kuliko mkono. Akasema, karibu Malkia wa Neti. Basi jina limeshaganda. Mazoezini, ndani ya neti, lile banda la nyavu, napiga kila kinachokuja. Siku ya mechi naokota aibu. Nilicheka pamoja nao. Roho iliniuma vibaya.

Kocha kasema kikosi cha mashindano makubwa atakitaja baada ya mechi ya tarehe 22. Nafasi ya kufungua kupiga, yaani kuwa wa kwanza kushika gongo, imebaki moja. Tunaigombea wawili, mimi na Mwalimu, ambaye anafundisha hesabu na hana haraka na kitu chochote duniani. Mimi nina miaka thelathini na moja. Nisipokwenda safari hii siendi tena, nisijidanganye.

Baba alikuwa mlangoni. Hakuuliza matokeo, uso wangu ulishamjibu. Kasema dawa ni moja, kuongeza neti: Jumanne, Alhamisi, na sasa Ijumaa pia. Nikakubali hata hajamaliza sentensi.

Jumanne, 4 Machi

Kazini mteja kaniomba dawa ya kikohozi, nikampa ya minyoo. Bosi wangu kaniangalia kwa juu ya miwani. Akambadilishia mteja dawa mwenyewe. Afadhali angenigombeza.

Jioni neti. Zipo mbili nyuma ya uwanja wa klabu. Moja imechanika, mpira ukipita unaufuata mpaka kwenye mtaro. Tunatumia nzima. Baba huja na ndoo yake ya mipira mikuukuu, anavua saa, anaiweka mfukoni, anaanza kurusha. Leo nimepiga kushoto, kulia, moja kwa moja. Anahesabu mikimbio mwenyewe, kama mpira umefika ukingoni: Nne! Nne tena! Kwa Baba hakuna mtu anayedaka. Nikipiga mpira juu anasema huo ungeanguka pasipo na mtu. Nimetoka pale najiona mimi ni mimi.

Ni mtu mwingine kabisa siku hizi. Miaka yote alikuwa fundi umeme, na kabla sijazaliwa alikuwa mrushaji ambaye watu walimwogopa. Alipostaafu mwaka jana alikaa kwenye kiti cha dirishani. Akakaa tu. Chakula anasukumasukuma, redio imezimwa. Mpaka siku nilipomwomba anirushie mipira kidogo. Mama anasema neti ndiyo iliyomrudisha mume wake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamua neti zisiwe za kujifurahisha tena. Nimepanga viatu na chupa kwenye nyasi pande zote kama wadakaji, nione ningepiga wapi bila kudakwa. Na nimeweka sheria: nikitoka mara moja, basi, navua pedi. Kwenye mechi hupewi nafasi ya pili.

Viatu Baba kavikubali. Sheria kaikataa. "Ukivua pedi, mimi nitamrushia nani?" Kacheka, nami nikacheka. Sheria ikafia hapo hapo.

Jumamosi, 8 Machi

Sifuri.

Hata sitaki kuandika. Lakini nikinyamaza nitapasuka.

Mpira wa kwanza. Yale yale — juu, taratibu, kwa mrushaji. Mwalimu kapiga thelathini na kitu, pole pole, akitoka jasho kidogo tu. Wenzangu wana maelezo yao. Mmoja anasema nina woga. Mwingine anasema nalala kidogo. Sindano hakutania leo, na hilo ndilo lililonitisha.

Kocha kaniita pembeni. Kasema sio woga. "Unawahi, dada. Unapiga kabla mpira haujafika." Nikamwambia kwenye neti siwahi, aje aone. Akauliza nani ananirushia. Nikasema Baba. Kocha alimjua Baba enzi zile, yeye Kocha akiwa binti mdogo anakuja kutazama. Akasema, haya. Sikuipenda ile haya.

Baba kasema tuongeze na Jumapili.

Jumanne, 11 Machi

Jana mvua ilinyesha mchana kutwa. Leo nimetangulia mimi, Baba alipitia kwa fundi viatu. Nimesimika wiketi, vile vijiti vitatu, nikawa nazungukazunguka upande wa warushaji nikingoja.

Pale kwenye mstari ambao mrushaji haruhusiwi kuupita nyasi zimeisha, pamekanyagwa na kila mtu, kawaida. Lakini mbele ya mstari, mbele sana, upande wa mpigaji, kuna shimo. Dogo, refu kidogo, maji yametuama ndani. Kisigino kimechimba, ncha ya kiatu imeburuta. Mguu wa kushoto. Nikasema labda ni watoto wanachezea hapa.

Baba akaja na ndoo. Tukasalimiana, akavua saa, akaiweka mfukoni. Akaenda nyuma, akakimbia zile hatua zake, akaupita mstari bila hata kuutazama — na mguu wake wa kushoto ukaingia ndani ya lile shimo. Maji yakaruka. Mpira wa pili, shimoni. Wa tatu, shimoni.

Sikuupiga hata mmoja katika ile mitatu. Akauliza nina nini. Nikasema jicho, kuna kitu kimeingia.

Neti haina mwamuzi. Hakuna wa kunyoosha mkono aseme umevuka mstari. Kila mrushaji anaiba kidogo kwenye neti, najua, hata Sindano. Lakini hii sio kidogo. Miezi yote hii mpira umekuwa ukitokea karibu, nami nimejifunza kuwahi ili niukute. Sasa uwanjani, mpira ukitoka unakotakiwa kutoka, mimi nishapiga zamani. Na kadiri ninavyofanya mazoezi ndivyo ninavyoharibika! Kila Jumanne, kila Alhamisi, Baba ananifundisha kutoka.

Jumatano, 12 Machi

Nimemuuliza Mama jikoni, Baba ana nini. Nilianza kwa kuzunguka, yeye hakuzunguka. Kafunika sufuria, kakaa.

Bega. Bega la kulia, tangu kabla ya mwaka mpya. Halipandi. Kila jioni anamchua na dawa. Nikauliza dawa gani, akaitaja. Ninaiuza mimi! Ipo rafu ya pili, mkono wangu unaigusa kila siku. Mama anakwenda kuinunua kwenye duka la washindani wetu kule sokoni ili nisijue. Ningecheka kama ningeweza.

Ndiyo maana chai anainywa kwa mkono wa kushoto. Nimemwona nikadhani ni mazoea ya uzee. Na mimi ndiye ninayewauliza watu kutwa nzima, unaumwa wapi, tangu lini.

Nikamwambia Mama kuna mechi tarehe 22, nahitaji mtu wa kunirushia kutoka kwenye mstari. Akanishika mkono. "Mwanangu, wa kukurushia mipira wapo wengi. Yeye ana wewe tu."

Nikainuka nikakoroga sufuria.

Ijumaa, 14 Machi

Nina hasira. Naandika ili nisimwagie mtu. Nina hasira naye kwa kunificha, na Mama kwa kumfichia, na mimi kwa kufurahia zile Nne zake za bure. Kwani sikuwa nikisikia raha? Nilisikia raha.

Leo nimefanya ujanja. Nimeona badala ya kumwambia, nirudi nyuma mimi. Niliposhika gongo nikasogea nyuma kidogo, karibu kugusa wavu, ili mpira usafiri zaidi. Nikajiona nina akili.

Mipira miwili aliirusha kutoka shimoni kwake. Ikanifikia imechoka, ikadunda mara mbili. Akasimama. Akanitazama nilipo, akatazama miguu yake. Kisha akaja mbele. Akasogea kiasi kile kile nilichorudi, akarusha kutoka hapo.

Kwa hiyo anajua. Alikuwa anajua siku zote.

Tumerudi nyumbani tukizungumzia bei ya vioo vya madirisha. Njia nzima, vioo vya madirisha.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwomba Sindano. Nilidhani atanicheka mpaka adondoke. Hakucheka, aliuliza tu saa ngapi.

Asubuhi kabla ya kazi, neti tupu, umande. Akarusha kutoka kwenye mstari, nikamwekea gongo langu la zamani chini ili asipite. Mungu wangu. Nilikuwa kama mtu aliyeshika gongo jana. Nawahi, nawahi, nawahi. Mara nyingine nilimaliza kupiga, nikashusha gongo, ndipo mpira ukapita ukinisalimia. Sindano kasema tusubiri kidogo, tupumzike. Nikamwambia akiacha sitamsamehe. Basi akanifundisha kuhesabu kimoyomoyo, nisinyanyue gongo mpaka nimeona mpira umegusa ardhi. Mwishoni nikapiga mitatu mizuri. Mitatu tu, lakini yangu kweli. Hakuna aliyenizawadia.

Nikamdanganya Baba kwamba wiki hii dukani tunahesabu dawa, nitachelewa, neti tuziache. Akasema hakuna neno. Akasema yeye atakuwepo tu, nikimaliza mapema nimkute.

Jumatano, 19 Machi

Jana Baba alikaa kwenye neti na ndoo mpaka giza. Mama kaniambia.

Alhamisi, 20 Machi

Leo kulikuwa na neti ya jioni na Sindano. Baba alikuwa aende kumwona mdogo wake, baba mdogo anaumwa mgongo. Nilijua hivyo. Kila mtu alijua hivyo.

Nimepiga vizuri. Nakiri, nimepiga vizuri kuliko mwaka mzima. Nasubiri, nasubiri, halafu — pa! Mpira unakwenda chini, haunyanyuki. Sindano kakasirika kweli akaanza kunirushia kwa nia mbaya, nami nikafurahi.

Halafu akasimama katikati ya kukimbia. Akasema, shikamoo Mzee.

Baba alikuwa nyuma ya wavu. Na ndoo. Sijui alikuwa pale tangu lini.

Akaitikia marahaba. Akanitazama na pedi zangu. "Duka limefungwa mapema," akasema. Nikasema ndiyo, Baba. Ndiyo! Nimeshikwa mchana kweupe na bado nikaongopa.

Hakugomba. Akaingia, akaweka ndoo karibu na Sindano, akamwambia mstari wako ni ule pale, rusha binti, nione. Sindano akarusha. Nikangoja, nikapiga, chini, safi. Akarusha mwingine. Safi. Sikusikia mtu akiita Nne.

Baba akatembea hadi kwenye shimo lake. Akasimama juu yake. Akaanza kusukuma udongo kwa ncha ya kiatu, kidogo kidogo, mpaka shimo likajaa, kisha akapakanyaga pakawa sawa. Sindano alijifanya anafunga kamba. Mimi sikujua nitazame wapi, nikatazama glavu.

Akaondoka. Ndoo kaiacha.

Ijumaa, 21 Machi

Kiti cha dirishani. Redio imezimwa.

Nimempelekea chai. Kaishika kwa mkono wa kulia, kwa makusudi, ananionyesha. Ikamwagika kwenye sahani. Nikasema Baba, bega lako. Akasema bega lina nini. Nikasema naiuza hiyo dawa, Baba, naijua harufu yake. Hapo akageuka dirishani.

Baadaye sana, nimeshakata tamaa, akasema: "Nilitaka mpira ukufikie na nguvu. Kwa mbali ulikuwa haufiki."

Nikaenda chumbani nikalia na mto mdomoni. Mimi natukana lile shimo, na yeye alilichimba kwa ajili yangu.

Jumamosi, 22 Machi

Asubuhi. Mechi leo. Begi liko mlangoni, ndoo ya Baba iko kando yake, nimeifuta.

Kocha anatupitia na gari lake, mimi na Sindano. Ujumbe wake unasema yuko kona ya kwanza.

Baba kitini. Kavaa shati la nyumbani.

Nimekwenda nikachuchumaa mbele yake. Nimemwambia kabla sijaingia kupiga lazima mtu anirushie mipira ya kupasha mwili moto. Inarushwa mkono ukiwa chini, bila kuinua bega, taratibu, kutoka karibu. Karibu kabisa, Baba. Hata kwa mkono wa kushoto inafaa. Nikamwambia siombi kwa kukuonea huruma. Sindano atakuwa anapasha wake, Kocha ana mambo yake, sina mtu.

Akaendelea kutazama nje. Nimerudi hapa mezani, naandika ili nisimtazame.

Honi. Mama kazima jiko, kasimama mlangoni na mwiko mkononi. Hapumui, nadhani.

Honi ya pili. Nimesikia kiti kikilia.

Nimechungulia. Yuko chini ukumbini, ameinama, anahangaika na kamba kwa mkono mmoja, na Mama ananizuia kwa jicho nisiende kumsaidia. Amevaa kiatu kimoja. Cha kushoto, kile kilicholika ncha. Cha pili amekishika mapajani, anakitazama, Kocha anapiga honi ya tatu, na yeye bado anailegeza kamba yake, mguu upate kuingia.