Tairi Zilizojazwa Zizini

Baba Aizirek,

Supu iko jikoni, ipashe moto. ~~Gari usiliguse.~~ Litoe gari nje, lipoe kabisa, ndipo upime upepo na kujaza.

Gari kulala na ng'ombe lipate joto, sawa. Lakini kujaza tairi humo humo zizini, halafu unajisifu zimekaza! Asubuhi nampeleka mama yako hospitali, kufika kona ya mtoni zimeshanywea kwa baridi. Gari likayumba, nusura tutumbukie. Mama yako, anayesema siku zote mimi ndiye sijui kuendesha, akashuka, akazibonyeza kwa bakora: "Mwanangu huyu, jamani!"

Tumerudi polepole, tumeondoka na farasi wako wa mashindano, yule asiyeguswa na mtu. Miguu yake haijazwi upepo.

Mama Aizirek