Nilimwambia Asikanyage Bugwema Mpaka Awe Daktari

Kwako mshauri wetu Bi Mwamvita, salamu nyingi, na kabla sijaomba msaada ujue kwanza anayekuandikia ni nani, isije barua yangu ikachanganywa na za watu wa kawaida: mimi ni Bernado wa Kamunyonge hapa Musoma mjini, MC Bernado, na mkoa huu watu hawaoani bila mimi. Nasema kweli. Nimeshika maiki kuanzia kumbi za Mukendo mpaka Butiama, na kule Butiama kuna harusi niliongea mpaka ng'ombe wa jirani wakaacha majani wakasogea kwenye uzio kusikiliza, mwenye ng'ombe yupo, muulize, na Bunda nikianzaga kutaja ukoo wa bwana harusi hata wapita njia wanaingia kukaa bila kadi. Shule niliishia darasa la sita, lakini wenye digrii ndio wananipigiaga simu niwaambie cha kusema mbele za watu, siyo mimi kuwapigia wao. Sasa mtu kama huyo ukimwona anaomba ushauri gazetini, ujue yamemfika.

Jambo lenyewe linamhusu mtoto wa dada yangu, anaitwa Eufrasia. Dada yangu Matrida anakaa Bugwema, analima mahindi na mihogo, mume wake alishafariki, kwa hiyo mwanaume wa kumsimamia huyo mtoto ni mimi. Akili amechukua kwa mama yake, na kidogo upande wangu. Alipomaliza kidato cha sita alifaulu, akaomba udaktari kama chaguo la kwanza, lakini walioomba walikuwa wengi kama dagaa, yeye akachaguliwa kozi nyingine, digrii ya sayansi, mambo ya biolojia, kwenye chuo kimoja huko Dodoma. Mimi hayo ya chaguo la kwanza na la pili sikuyaelewa vizuri, kwangu mimi mtu akisema chuo kikuu na sayansi na koti jeupe basi huyo ni daktari, na yeye kila akitaka kunielezea nilikuwaga namkatisha.

Kwetu mtoto akienda mbali anayempa baraka ni mjomba, kaka wa mama, hata baba akiwepo anakaa pembeni. Mjomba anajaza maji kinywani, anampulizia mtoto kifuani, halafu anasema maneno mafupi tu, nenda na urudi, imeisha hiyo, watu wanakula. Na neno alilosema mjomba siku hiyo halitenguliwi na mtu mwingine, mama hawezi, padri hawezi, ni mjomba mwenyewe na maji mengine. Sasa siku ya Eufrasia nilitoka Musoma na spika zangu mbili kubwa, uwanja wa dada umejaa, nusu ya Bugwema iko pale, na mimi badala ya yale maneno mafupi nikashika maiki nikasema, "Nenda, na usikanyage tena udongo wa Bugwema mpaka uwe daktari." Bi Mwamvita, vigelegele nilivyopata siku ile sijawahi kuvipata hata kwenye harusi ya mtoto wa diwani. Eufrasia peke yake hakushangilia. Aliinamisha kichwa akasema, "Nimesikia, mjomba."

Mimi nikajua ni maneno ya sherehe, yanasemwa, yanapita. Krismasi ya kwanza hakuja, akamwambia mama yake yuko fildi, mafunzo ya vitendo. Likizo ndefu hakuja, akasema amepata kibarua cha kutoa fotokopi dukani huko huko Dodoma. Krismasi ya pili akasema ana supu, yaani mtihani wa kurudia, na mimi hiyo supu nikaificha, nikawatangazia watu kwamba madaktari hawana likizo kwa sababu ugonjwa hauna likizo, nikaongeza kidogo kwamba ameshampasua mtu mmoja na huyo mtu sasa anatembea. Basi nikawa mjomba wa Dakta. Kwenye misiba nawekewa kiti cha mbele. Kuna bibi mmoja wa Bugwema, bibi Ghati, goti limemvimba na hataki kusikia habari ya zahanati, anasema anamngoja Dakta wetu aje amwone, na mimi nilipoambiwa hivyo nilifurahi.

Mwezi uliopita dada yangu akaja Kamunyonge bila taarifa, hakukaa hata kwenye kiti. Kumbe mtoto alikuja. Alipanda basi Dodoma akashuka Bunda, akampigia mama yake amfuate pale stendi, wakaingia mgahawani wakala ugali na sato, akampa kitenge, na mama aliposema haya mwanangu twende nyumbani, mtoto akasema hapana mama, mwisho wangu ni hapa. Akalala gesti, asubuhi akapanda basi la kurudi alikotoka. Dada alinieleza hayo amesimama mlangoni, hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. "Nilikuwa nimeshachinja kuku, Bernado," akasema. "Tumelishwa hotelini mimi na mwanangu kama wageni wawili."

Nikampigia Eufrasia, na siku hiyo kwa mara ya kwanza nilimwacha aongee mpaka mwisho. Ndipo nikaelewa kwamba hasomei udaktari na hajawahi kusomea. Mwaka wa pili unaisha, umebaki mmoja apate hiyo digrii yake ya biolojia. Udaktari bado anautaka, tangu yuko mdogo anautaka, na sasa anasema dirisha la maombi likifunguliwa mwezi ujao anaomba mwaka huu huu, hii kozi anaiacha. Wenzake wa hosteli wamemwambia ni lazima ajitoe kwanza kwenye kozi aliyomo ndipo maombi mapya yakubaliwe, na yeye ameshaanza kuwaaga chumbani. Mwalimu wake mmoja anamshauri amalize kwanza, aombe akiwa na digrii mkononi, maana akijitoa halafu akakosa nafasi tena kama alivyokosa mara ya kwanza atakuwa hana kozi hii wala ile, na mkopo wa serikali anaosomea haijulikani utakuwaje. Nikamwambia basi mwanangu si umsikilize mwalimu. Akasema taratibu, "Mjomba, nikimaliza hii kwanza, ndipo nianze miaka mingine mitano ya udaktari, nyumbani nitakanyaga lini?"

Nikataka kumwambia yale yalikuwa maneno ya kuchangamsha watu. Kabla sijamaliza akasema, "Kama una neno lingine, mjomba, liseme kama ulivyolisema lile." Akakata.

Mimi MC, Bi Mwamvita, nimeweka simu chini nikachukua kalamu. Sasa nakuuliza, huyu mtoto aombe lini huo udaktari, mwaka huu au akimaliza? Nikimwambia maliza, nimemfungia nje ya nyumba ya mama yake miaka ambayo sijui kama dada atakuwa na nguvu ya kuimaliza. Nikimwambia omba sasa, akajitoa, akakosa, nimemvunja mgongo mimi mwenyewe. Na nikisimama Bugwema kutengua lile neno watu watauliza, kumbe siyo daktari, na yule aliyepasuliwa ni nani? Nimepungua mpaka suti ya kazi inanipwaya, Jumamosi iliyopita kule Bunda nilimwita bibi harusi kwa jina la mama mkwe wake, haijawahi kunitokea.

Na kuna kitu nilikiruka hapo juu, sijamwambia mtu yeyote. Siku ile ya baraka maji nilijaza kinywani kweli. Spika ikapiga mluzi sikioni, nikashtuka, nikayameza yote. Mdomo mkavu, watu wote wananitazama, kujaza tena nikaona aibu, ndiyo maana nikashika maiki nikaanza kuongea, niwasahaulishe. Mtoto sikumpulizia hata tone.

Bernado, Kamunyonge

MAJIBU YA BI MWAMVITA

Kaka Bernado, wale ng'ombe wa Butiama nimewaamini. Aliyepasuliwa sijamwamini, na nashangaa Bugwema walimwamini.

Pole. Nakupa pole kwanza kwa sababu najua unampenda huyo mtoto, na mtu asiyempenda asingekuwa anapwaya kwenye suti. Pole hiyo inaishia hapa. Ulimeza maji, ukaona aibu ya dakika moja, ukaifunika kwa maneno, na mtoto amelipa aibu yako kwa Krismasi mbili na likizo nzima akitoa fotokopi za watu. Wewe umekaa kiti cha mbele misibani kwa jasho lake.

Umeniuliza aombe lini. Nitakujibu, ila uelewe kwanza kwamba huyo binti anakimbilia nyumbani, na udaktari umekuwa ndiyo njia pekee uliyomwachia. Mtu mwenye haraka ya namna hiyo hawezi kuchagua vizuri mwaka wa kuomba chochote. Mwondolee haraka hiyo, halafu umuulize tena anataka nini, na akijibu usimkatishe.

Maoni yangu ni amalize. Umebaki mwaka mmoja. Dirisha la maombi litafunguliwa na mwakani, na udaktari ukimkataa tena atakuwa na digrii inayoweza kumpatia kazi. Mgonjwa akiwa kitandani hamuulizi daktari ulichelewa mwaka mmoja au hukuchelewa. Lakini asiniamini mimi wala wenzake wa hosteli. Kabla hajajitoa popote apige simu au aende kwenye ofisi ya udahili ya kile chuo cha udaktari anachokitaka, aulize wanampokeaje mtu wa namna yake: wanaangalia matokeo ya kidato cha sita peke yake, au digrii ya sayansi nayo inahesabika, na kwa alama zipi? Vyuo havifanani, na masharti hubadilika, kwa hiyo asome mwongozo wa mwaka huu na siyo wa mwaka juzi. Habari ya mkopo akaulize kwa wenye mkopo. Akishapata majibu hayo yote, akawa ameshafika nyumbani kwa mama yake, amelala, amekula, na bado anasema anaomba mwaka huu, basi ni maisha yake, na wewe kazi yako itakuwa kumsindikiza kimya.

Umeona nimesema nyumbani kwa mama yake. Hapo ndipo penye kazi yako, na uifanye kabla hilo dirisha la mwezi ujao halijafunguliwa. Naona unakotaka kwenda na hayo maji uliyoyameza. Unataka nikwambie kwamba kwa kuwa hukumpulizia, baraka haikushika, kwa hiyo hata katazo halikushika, na mambo yameisha bila wewe kuinuka kwenye kiti. Hapana. Yeye maji hakuyahesabu. Alisikia sauti ya mjomba wake kwenye spika mbili, akatii. Tena alitii akijua fika kwamba mjomba mwenyewe haelewi anachokisema.

Yeye hawezi kukanyaga Bugwema, kwa hiyo wewe ndiye utakayemfuata. Mchukue dada yako mpande basi mwende Dodoma, na huyo kuku achinjwe tena, safari hii abebwe. Mwambie Eufrasia mbele ya mama yake kwamba uliyameza. Mwambie kama ulivyoniandikia mimi, pamoja na mluzi wa spika. Watakucheka, na nadhani kicheko hicho hawa wawili wanakihitaji kuliko wewe unavyokiogopa. Kisha jaza maji mengine kinywani, umpulizie, useme yale maneno mafupi mliyorithi, na ufunge mdomo hapo hapo.

Mkirudi naye Bugwema waambie watu anasoma biolojia. Watakaokuuliza mengine utawajibu, si wewe ndiye MC? Na bibi Ghati asingoje safari hii ya Dodoma wala harusi zako. Goti lililovimba lipelekwe hospitali wiki hii, na nauli itoke mfukoni kwa mjomba wa Dakta.

Spika ziache Kamunyonge.