Mjomba, Ule Mstari Mmoja Niliuandika Mimi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika salamu hiyo nikasubiri kidogo, kama nilivyozoea kusubiri mlangoni kwako, maana marahaba yako haikuwahi kuja peke yake. "Marahaba, mwoga wangu. Leo umeogopa nini?"

Leo naogopa karatasi moja iliyo mezani kwangu. Ina nafasi ya sahihi yangu chini, na kesho saa tatu asubuhi inatakiwa kwenye kikao kinachochunguza kifo chako. Wenzangu wametoka kwenda kula. Nina saa moja hivi ya kuzungumza nawe, na nitaanza na siku nzuri, kwa sababu nikianza na ile mbaya sitafika mwisho.

Nilipopata matokeo ya kidato cha sita, mama alitaka kuchinja kuku. Wewe ukasema kuku analiwa akaisha, utanipa kitu ambacho hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kukipata. Jumapili ukaja na ile landrova ya kazini ya kutembezea wageni, imeoshwa mpaka matairi, nawe umevaa sare iliyopigwa pasi. Ukanifungulia mlango wa nyuma.

"Karibu, mheshimiwa. Mimi ndiye dereva wako na ndiye mwongozaji wako. Leo gari zima ni lako peke yako."

Nilitaka kukaa mbele. Ukanizuia kwa mkono. "Wewe! Mgeni hakai mbele. Atanichafulia gia."

Tukatoka Ifakara, tukapita Mofu, mpunga huku na huku, mpaka pale kwenye kivuko ambapo mkono wa mto unaitenga ile nchi ya juu tunayoiita Kisiwani. Ulivua viatu, ukakunja suruali, ukachukua ufito wako wa mwanzi kutoka juu ya paa, ukaingia majini kupima. Mimi nilitoa kichwa dirishani nikapiga kelele, "Mjomba, rudi!" Ukageuka, maji kiunoni, ukasema kwa adabu zote, "Mheshimiwa, tafadhali usimpigie dereva kelele akiwa kazini."

Ukanizungusha Kisiwani kote. Ulinionyesha kundi la sheshe, wale swala wa bondeni, waliosimama kwenye majani mafupi, na ndege wanaofuma viota vyao kwenye matete. Kwenye kambi ya wavuvi walikuwa wanakausha perege kwa moshi, wakatuchagulia wawili wakubwa. Ulikuwa unaeleza kila kitu kama vile nimeshuka kwenye ndege jana.

"Na ule kule, mheshimiwa, unaitwa mpunga."

"Mjomba, mpunga nimeupalilia tangu darasa la pili."

"Mgeni hujifanya hajui. Ndiyo raha ya kuwa mgeni. Tulia."

Tulipumzika upande wa pili, unapoona mto wenyewe. Hapo ndipo uliponionyesha ile picha uliyobandika juu ya kioo cha mbele, uliyoikata kwenye kalenda ya zamani. Kisiwa cha volkano katikati ya bahari, mlima mweusi unafuka moshi, na chini yake barabara nyembamba yenye kigari chekundu aina ya jipu. Ndani kuna dereva mmoja na mgeni mmoja.

"Unamwona huyu aliyekaa nyuma?" ukauliza. "Huyu ni mimi nikistaafu. Nitakaa nyuma, mtu mwingine aendeshe, mtu mwingine apime njia. Mimi kazi yangu iwe kuuliza: na huu, unaitwaje?"

Tuliporudi ulinipa kitabu cha maoni ya wageni. Nikaandika, "Safari nzuri sana." Ukasoma, ukanirudishia.

"Uongo. Umetapika mara mbili. Wageni wote wanaandika nzuri sana, hata tukilala tumekwama kwenye tope. Mimi nitajifunza nini hapo? Andika tena."

Nikaandika, "Niliogopa sana kwenye maji. Nilitapika mara mbili. Ningependa kurudi." Ulicheka mpaka ukafuta machozi kwa mkono wa sare. Kisha ukasema, "Sasa hii ndiyo ripoti. Mtu anayeandika hivi anatakiwa ofisini kwetu." Nilipomaliza stashahada yangu ya utunzaji kumbukumbu, ulinipeleka mwenyewe kwa Meneja. Hivyo ndivyo nilivyokuwa karani, kwa sababu niliwahi kuandika ukweli mara moja.

Wasomao barua hii wajue kazi yangu ilikuwaje. Juu ya mto, mbali na kivuko, anaishi Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Maji yakipita kwake asubuhi, yanafika kivukoni mchana. Wewe na yeye mlichimbia kigingi pale kwake, ukakichora mistari mitatu kwa rangi nyekundu iliyobaki gari lilipopakwa. Maji yakiwa mstari wa kwanza, gari linakwenda na kurudi. Yakiwa wa pili, dereva ashuke apime kila anapovuka. Yakiwa wa tatu, hakuna safari. Kila alfajiri Masanja alinipigia.

"Mwangaluka, karani! Umeamka au bado umekumbatia kalamu?"

"Nimeamka, mzee. Mto unasemaje?"

"Mstari mmoja. Na mwambie mjomba wako yule ndama aliyemsifia amekufa kwa jicho lake."

Niliandika kwenye daftari, kisha kwenye kadi, na wewe uliiweka kadi mbele ya usukani. Uliwaambia wageni, "Mto anausikiliza Masanja, anauandika mpwa wangu, mimi naendesha tu." Nilikuwa najifanya sisikii, lakini nilisikia kila mara.

Sasa siku yenyewe.

Mgeni alikuwa mmoja, Bibi Leokadia, mkunga mstaafu. Ujanani alizalisha wake wa wavuvi kule Kisiwani, akataka kupaona tena kabla miguu haijamkatalia. Alikuwa ameshapanda garini, na mkoba wake magotini. Masanja alikuwa hajapiga. Nilimpigia mara tatu, hapatikani.

Meneja akaja dirishani kwangu. "Karani, kadi iko wapi?"

"Masanja hajapiga."

"Jana ilikuwa mstari wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Mvua imenyesha?"

"Haijanyesha, siku ya tatu leo."

"Sasa?"

Nataka nimtendee haki. Hakuniambia niandike. Aliniacha na neno hilo, "sasa", akaenda kunywa chai. Na mimi, mtoto wa bonde hili, ninayejua kwamba mto wetu haujazwi na mvua ya Ifakara bali na mvua ya milimani tusiyoiona, nikaandika mstari mmoja. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri. Niliogopa kumsimamisha bibi wa watu na Meneja na gari zima kwa sababu ya simu isiyolia.

Ungeichukua kadi ukaondoka tu, ningekuwa nimekosea kwa kalamu peke yake. Lakini uliuliza.

"Masanja mzima?"

Nikasema, "Mzima. Anakusalimu."

Mjomba, sentensi hiyo ndiyo inayoniamsha kila siku. Hakuna aliyenituma niiseme, hata lile "sasa" la Meneja halikuifikia. Uliguna, ukasema, "Nitampelekea dawa ya ng'ombe Jumamosi," ukawasha gari.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Bibi Leokadia, nilipokwenda kumwona wodini. Anasema asubuhi mlivuka vizuri. Anasema ulimzungusha polepole, ukasimama kila aliposema simama, na kwamba alilikuta banda alimozalishia mapacha wa kwanza wa kazi yake, limebaki nguzo mbili. Mchana mliporudi kivukoni maji yalikuwa yamebadilika rangi. Ukashuka, ukavua kiatu kimoja, ukaushika ufito. Kisha ukachungulia ndani ya gari ukaitazama kadi.

"Alisema hivi," bibi akaniambia, "'Yameongezeka kidogo, lakini hayatazidi hapa. Ni mstari mmoja, mpwa wangu ameandika.' Akavaa kiatu. Mwanangu, huyo mpwa ni wewe?"

Nikasema ndiyo.

"Alikupenda," akasema, akanishika mkono. Niliuacha mkono wangu pale kama si wangu.

Katikati ya kivuko gari liliinuliwa na maji. Ulimpandisha bibi paani, ukamfunga kwa kamba ya mizigo, na uliporudi kutafuta shikio lako mwenyewe hukulipata. Wavuvi walikukuta siku ya tatu, kwenye matete, na kamba za kiatu kimoja zilikuwa zimelegea, kwa sababu hukuwa umemaliza kukifunga.

Masanja alikuja mazikoni Mofu, kijijini kwenu. Alisimama mbali, kofia mkononi, mpaka watu walipoanza kutawanyika. Akaniambia maji yalifika mstari wa tatu kabla ya jua, akakimbia kuokoa ndama, simu ikalowa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini sana, "Karani, mimi sikupiga. Wewe ulisikia kwa nani?"

Hajaniuliza tena, wala hajamwambia mtu. Naamini ananisubiri, jinsi mzee mwenye heshima anavyomsubiri kijana.

Wengine hawasubiri. Mama Neema, mkeo, alikwenda sokoni kununua samaki, nyuma yake mtu akasema bila hata kunong'ona, "Ndiye mke wa yule dereva aliyetaka kumuua bibi wa watu." Mwingine akadakia, "Wamezoea mno maji, wanayachezea." Sasa anakwenda sokoni jua la utosini, watu wakiwa wachache. Na Neema wako, nilipokuwa namsaidia hesabu, aliweka penseli chini akaniuliza, "Kaka, mzembe ni mtu wa namna gani?" Nikamwuliza amelisikia wapi neno hilo. Akasema, "Shuleni. Wanasema ni baba."

Hii karatasi iliyo mbele yangu inalisema neno hilo pia. "Dereva alivuka kwa uzembe, bila kupima maji, kinyume na utaratibu." Mjomba, wewe uliyenifundisha kusoma ripoti, utaona ujanja wake. Kwamba hukupima ni kweli. Kwamba kadi ilikuwa na mstari mmoja haimo. Kwamba kwa mstari mmoja hukutakiwa kupima haimo. Na Meneja ameniambia ukurasa wa siku ile kwenye daftari "umeharibika", niuandike upya, mstari wa pili.

"Wewe ni kijana," alisema, akafunga mlango. "Una cheti, una mama anayekutegemea. Marehemu hafukuzwi kazi."

Nilisema, "Sawa, bosi." Ndivyo nilivyosema. Siku tatu nimekaa na sawa hiyo. Nimewaza polisi, nimewaza mama akiniletea chakula mahabusu, nimewaza watu wa Mofu na mapanga yao. Naogopa, Mjomba. Ungekuwepo ungesema naogopa hata maji ya kunywa.

Walipolivuta gari nililitafuta lile pande la kalenda. Lilikuwa bado limeshika, ila tope limeingia kati ya karatasi na gundi. Bahari na mlima vimekuwa rangi moja. Jipu jekundu linaonekana. Yule wa nyuma haonekani tena. Ulipima njia za watu wengine miaka yote, na ulipokubali mwingine akupimie, aliyekupimia ni mimi.

Nimelifungua daftari. Ukurasa wa siku ile haujaharibika hata kidogo. Sikuufuta mstari mmoja. Chini yake nimeandika kwa wino uleule: "Masanja hakupiga simu. Nilinakili ya jana. Dereva aliponiuliza, nilimdanganya." Nimetia sahihi hapo. Ile karatasi ya Meneja sijaitia.

Barua hii naitoa nakala tatu, na nimeiacha wazi kwa sababu najijua: ningeifunga kwenye bahasha, ningeificha. Moja ni ya kikao. Moja nitaibandika nje ya ofisi, kwenye ubao tunaoandikia mstari wa siku, wasome waliosema sokoni. Ya kwanza ni ya Mama Neema. Nitaipeleka sasa hivi, kabla miguu haijabadili mawazo, na nitamsomea mwenyewe nikiwa nimesimama. Akinifukuza, nitaiacha kizingitini. Neema nitamwambia maana ya mzembe, na nitamwambia ni nani.

Sikuombi unisamehe. Uliniuliza swali moja tu asubuhi ile, na jibu lake limekufikia likiwa limechelewa: Sijui kama Masanja ni mzima, Mjomba. Hajapiga. Usiende.

Pumzika kiti cha nyuma.

Mpwa wako, mwoga wako,
aliyekuwa akikuandikia mto.