Vipuri vya Visima Vitatu, Wageni wa Visima Vitano

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, na unisamehe kwa mwandiko, mikono yangu imezoea spana kuliko kalamu, lakini jambo hili nimelibeba miaka miwili na sasa nimechoka, nimechoka kabisa, hata chakula nakula ili tu watoto wasiniulize nina nini.

Mimi ni fundi wa pampu za mkono. Shirika moja la nje lilikuja kwetu likachimba visima vitano, kimoja sokoni, kimoja shuleni, viwili bondeni na kimoja kwenye zahanati, likanipeleka semina ya wiki mbili, likanipa cheti, kofia na boksi la vipuri, likaniambia fundi, hivi visima sasa ni watoto wako, na mimi nikaamini, nikawa nalala navyo naamka navyo, na kwa kweli mwaka wa kwanza maji yalitoka mpaka njia ya mtoni ikaota majani. Lakini mipira ya ndani inalika, mshauri, na pistoni inachoka kama mtu, mwaka wa pili boksi likabaki tupu, duka la vipuri liko mbali na kamati ya maji kila nikiwaambia wanasema tutakaa, tutakaa, na hawakai, basi pampu mbili zikafa, moja ya bondeni na ile ya zahanati.

Hapo ndipo nilipoharibu. Wakaguzi wa shirika walikuwa wanakuja, na afisa wao anayeishi huku kwetu, bwana mmoja mwembamba tunayemwita Kishikwambi kwa sababu kile kidude chake hakiachi hata akila, akaja nyumbani kwangu akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akasema mzee wangu, nisitiri, mkataba wangu unafika mwisho, wakikuta pampu imekufa watasema mimi ndiye sikufanya kazi. Nikamhurumia, ana watoto kama mimi. Na ratiba tulikuwa nayo mkononi, siku ya kwanza sokoni na shuleni, siku ya pili bondeni, siku ya tatu zahanati, kwa hiyo wageni walipomaliza sokoni wakapiga picha zao wakaingia garini, mimi nikaifungua pampu ya sokoni, nikachomoa pistoni na vali na mipira yake, nikavitia kwenye mfuko, nikawaambia kina mama waliopanga ndoo kwamba kuna matengenezo kidogo, nikapanda baiskeli nikakata njia ya mashambani mpaka bondeni, nikavifunga kwenye ile pampu iliyokufa, na kesho yake wageni walipofika maji yakatoka, wakapiga makofi, nami nimesimama pembeni natabasamu kama bwana harusi. Siku ya tatu nikafanya vilevile zahanati, na wageni walipoondoka nikavirudisha vifaa sokoni. Vifaa vya pampu tatu vikazunguka visima vitano, na fomu ikajazwa vyote vizima. Hata sabuni za kunawia pale kwenye vyoo vya shule zilitoka asubuhi ile na jioni zikarudi kabatini kwa mwalimu mkuu, kwa hiyo sikujiona niko peke yangu.

Mwaka uliofuata Kishikwambi hakuniomba tena, alinitumia ratiba tu, na mimi nikaelewa. Mkaguzi mmoja mama mtu mzima mwenye miwani akaniambia, "Fundi, kila tunakofika tunakukuta umetangulia, tena umelowa jasho. Una mbio wewe!" Wote wakacheka, nikacheka nao, na moyoni nikasema leo nimekamatwa, kumbe wala.

Sasa sikiliza nilivyojifunga mwenyewe. Nilipoona mambo yanazidi nikamwendea Kishikwambi ofisini nikamwambia niombee vipuri, japo vya pampu mbili tu, akanigeuzia kile kidude nikaona alama za kijani tano zimejipanga, akasema, "Fundi, kila kisima kinasoma kizima. Nitaombaje vipuri vya kisima kizima?" Nikarudi nyumbani. Mama watoto, ambaye anajua kila kitu, akaniuliza, "Hivi wewe unatengeneza visima au unatengeneza picha?"

Utaniuliza kwa nini nisiache vifaa zahanati basi, kisima kingine kikauke. Ni kwa sababu sokoni watu wanapiga kelele, shuleni walimu wanapiga kelele, bondeni wananifuata mpaka mlangoni, lakini zahanati haina wa kupiga kelele, wajawazito wanakuja, wanajifungua, wanaondoka. Nesi wa pale anamwambia kila mama aje na madumu mawili ya maji kutoka nyumbani, na wengine huyachota mtoni. Mwezi uliopita kuna mama uchungu ulimshika njiani akafika mikono mitupu, Nesi akanawa kwa kikombe kimoja cha maji kilichobaki, na kitoto kile kitovu kikaoza, kikapelekwa hospitali kubwa, kimepona kwa bahati tu. Nesi akaja kwangu, hakugomba, angegomba ningepumua, alisema tu, "Fundi, pampu yangu imetoa maji kwa masaa matatu mwaka mzima, na masaa yote matatu wageni walikuwepo."

Na binti yangu, mzaliwa wangu wa kwanza, ana mimba ya miezi saba, na zahanati ni hiyohiyo, nyingine hatuna.

Mwisho wa mwezi huu shirika linakabidhi visima kwa kamati na kuondoka, kwa sababu eti miaka mitatu mfululizo hakuna kisima kilichokufa, kwa hiyo sisi tumeshafuzu. Kutakuwa na hotuba, nitapewa cheti cha fundi bora, na nitatia saini kama fundi kwamba visima vyote vitano ni vizima. Tena wananiambia watanichukua nikafundishe mafundi wa sehemu nyingine namna ya kutunza visima visife. Nisiposaini, Kishikwambi amekwisha, kamati wameaibika, na watu wangu wataniita msaliti niliyefukuza wafadhili. Nikisaini, wanaondoka na pampu mbili zinabaki midomo wazi. Nifanye nini, mshauri? Nisaini halafu nitafute vipuri polepole mwenyewe, au niseme, na nikisema nianzie wapi?

Ni mimi, fundi niliyechoka.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, barua yako nimeipitisha mbele ya wenzako, wanaoniandikia habari za wachumba wao watanisamehe wiki hii, maana tarehe yako haitusubiri.

Nianze na pole. Nakupa pole ya kweli, kwa sababu umeachiwa visima vitano, boksi moja na kofia, ukaambiwa ni watoto wako. Watu waliopanga kazi namna hiyo wana la kujibu. Wanakuja mara moja kwa mwaka, wanatuma ratiba kabla, wanauliza maji yanatoka au hayatoki, wanaweka alama, wanaondoka. Hakuna aliyemuuliza Nesi hata swali moja. Kama fomu yao ingekuwa na sehemu ya kuuliza jana maji yalitoka, wewe baiskeli yako ingekuwa inaozea ukutani. Hilo nimeshalisema, sasa tuje kwako.

Unaniambia ulimhurumia afisa. Mara ya kwanza nakubali. Mara ya pili alikutumia ratiba tu ukaruka na mfuko wako, huruma ilikuwa wapi hapo? Ulikuwa umenogewa, fundi. Ulipenda yale makofi. Na ulipochagua kisima gani kikae kikavu, ulichagua cha wanawake wasio na nguvu ya kukufuata mlangoni. Umeniandikia mwenyewe kwa mkono wako, sikuongeza kitu. Kaa nalo hilo kidogo, linauma, na lina haki ya kuuma.

Huo mpango wa kusaini kwanza halafu utafute vipuri polepole, uache leo. Mimi si mtu wa visima, kwa hiyo nilimpigia simu ndugu yangu mmoja aliyefanya kazi za miradi ya maji mpaka akastaafu. Alinisikiliza, akaguna, akasema, "Mwambie kabla ya saini ubovu ni wa mradi, baada ya saini ni wa kamati yao." Umemwelewa? Leo hii shirika bado lina magari, lina simu, lina mtu wa kuagiza vipuri. Wiki moja baada ya hotuba litakuwa na picha zako tu.

Basi fanya hivi. Ukimaliza kusoma gazeti hili nenda kachomoe vifaa sokoni, vifunge zahanati, ukaze kila nati, na usivitoe tena pale hata waje wageni kutoka mwezini. Sokoni watakutukana. Wacha watukane. Kelele yao ndiyo iliyokuwa inakosekana zahanati, na kamati isiyokaa itakaa siku hiyohiyo, utaona mwenyewe.

Kesho yake kaa na Kishikwambi, uso kwa uso, na Nesi awepo. Usiende na maneno mengi, nenda na karatasi: kisima gani kina vifaa, kipi ni kitupu, tangu lini. Sehemu yako iseme wewe kwa mdomo wako, "nilichomoa, nikahamisha, nikawadanganya," usimtupie yeye kila kitu ingawa naye hajasalimika. Mpe siku mbili akawaambie wakubwa wake mwenyewe. Kusema mwenyewe kutamwokoa kuliko kugunduliwa, na kama ana akili timamu atajua. Siku mbili zikipita kimya, mtafute yule mama mwenye miwani. Nina wasiwasi kwamba hakuwa anatania alipokuambia una mbio.

Saini usitie, ila kwenye karatasi inayosema visima vitatu ni vizima na viwili havina vifaa. Wakikuambia sherehe itaharibika, waambie iharibike. Wakisema wafadhili watakasirika, waulize wafadhili walitoa pesa za visima au za makofi. Na kabla hawajaondoka, dai vitu viwili tu, vipuri vya miaka michache na utaratibu wa kamati kuvinunua vikiisha, umeandikwa na umesainiwa na wao. Hayo ndiyo makabidhiano. Mengine ni vipaza sauti na viti vya kukodi.

Cheti cha fundi bora usikipokee. Kazi ya kufundisha, ikija hata baada ya haya yote, ipokee kwa sharti moja, kwamba siku ya kwanza utawaeleza mafundi wenzako ulivyozungusha mfuko wako, mwanzo mpaka mwisho. Naamini wengi wataangalia chini.

Utapoteza jina kwa muda, sitakudanganya. Kuna watakaosema umeleta nuksi, kuna watakaokupita bila salamu. Mama watoto hatakuwa mmoja wao. Yeye amekusubiri muda mrefu zaidi yangu.

Lakini kabla ya Nesi, kabla ya Kishikwambi, kabla ya mkaguzi, kuna mtu mmoja wa kuambiwa leo. Mwite binti yako, mkalishe, mwambie, "Pale utakapojifungulia maji hayakuwepo, na niliyeyaondoa ni mimi." Ukishamaliza kumwambia hilo ukiwa unamtazama machoni, hakuna mkutano wala mgeni atakayekushinda. Na akikuuliza, "Baba, siku yangu ikifika yatakuwepo?" usimjibu kwa mdomo. Chukua spana uende.