Nilimsifu Rafiki Yangu, Sasa Anajiandaa Kufa

Mpendwa Bibi Verna, naomba unisaidie kabla rafiki yangu Hosea Wastesicoot hajajizika mwenyewe, na kosa ni langu. Hapa kijijini nani asiyemjua, ndiye anayetunga na kuimba kila kitu, nyimbo za kanisani kwa Kikrii, kantri, rap ya vijana, za harusi, za mpira wa magongo barafuni, hata jenereta ilipogoma aliiimbia ikawaka. Basi redio moja ya Winnipeg wakanipigia wakitaka niseme neno juu yake, nami najua kwetu Wakrii, wenyeji wa asili wa Kanada, mtu ukimpenda unamtania, miaka thelathini namwita chura mwenye mafua naye ananiita kuni mbichi, lakini wale wa mjini walitaka sifa, nikasema ukweli, kwamba mke wangu alipofariki ni nyimbo za Hosea zilizonivusha, na sijaona mtu mwenye kipaji na moyo kama wake. Kumbe anasikiliza. Akaja kwangu uso umemshuka, akauliza, "Ndugu yangu, daktari amekwambia nini juu yangu?" Nikamwambia hakuna kitu. Akasema, "Usinifiche, Clifford. Watu hawasifiwi hivyo bure." Sasa amempa mchungaji gitaa lake, dada zake wamekuja kutoka vijiji vitatu wanapika supu ya samaki huku wanalia, naye kalala kitandani anatunga wimbo wa kuaga, na kila nikikana wanadhani namficha, ndio wanazidi kunihurumia. Nifanye nini?

Clifford

Clifford mwanangu, pole, ila umeyataka mwenyewe. Miaka thelathini yote ulikuwa wapi, mpaka redio ikupigie ndio ufungue kinywa? Hata mimi nilipokusikia nilitoa nguo nyeusi kabatini.

Acha kukana, unamchimbia Hosea kaburi. Nenda leo mchana, simama mlangoni mbele ya dada zake, mwambie huo wimbo wa kuaga hauna kichwa wala miguu, na huko aendako watamrudisha kwa kelele zake. Usicheke. Akikurushia mto, amepona. Gitaa akalifuate haraka, maana mchungaji analipiga tangu Jumanne na mimi ndiye jirani yake.

Lakini usiondoke. Dada zake wakishatoka, mwambie tena yale ya mkeo. Ataogopa. Mshike mkono, mwambie hafi, ni kwamba unampenda tu. Na mwezi ujao umwambie tena, mpaka azoee.