Upande wa Mlima Ambao Sikuuona

Jumatatu, 6 Januari

Muuguzi ameniletea daftari la miraba. Anasema kuandika kutaamsha mkono. Mkono hauamki. Herufi zangu zinalala kama wanafunzi wa kipindi cha mwisho. Lakini sauti imebaki mnong'ono, na daktari ameacha kunitajia miezi, sasa ananitajia wiki. Basi niandike. Hakuna atakayesoma, na ndivyo ninavyotaka. Nadhani.

Chiriku alipita akitoka kazini, duka la dawa. Mjukuu wangu huyu haongei, anamwagika. Yeye na wenzake wamekata shauri: watu sita, siku saba, ng'ambo, kuteleza juu ya theluji kwa mbao. Viza zimetoka. Wanaruka tarehe ishirini na nne. Mchumba wake, Mrefu, hajapata buti za kumtosha popote. Muuzaji wa mwisho alimshauri avae maboksi.

"Na unajua tunakwenda wapi, Babu?"

Nilijua kabla hajasema. Mlima wangu. Mlima niliousimulia nyumba hii miaka hamsini na mbili.

Jumatano, 8 Januari

Mkutano wa wasafiri sebuleni. Mlango wangu huachwa wazi ili nisijione mpweke, kwa hiyo nasikia yote. Mmoja wao, dereva wa ambulansi, amekabidhiwa dawa na bima. Mwingine, mwalimu wa mazoezi, amewapeleka kwenye lundo la mchanga la jengo la jirani, wakateleza kwa mlango wa kabati. Mrefu alishuka vizuri hatua tatu, akaishia ndani ya pipa la maji.

"Theluji haina mapipa," alijitetea.

"Nayo haina mama yako wa kukukausha," mwalimu akamjibu.

Walicheka. Nami nilicheka, kwa jinsi kifua kinavyoruhusu.

Kisha Mrefu akauliza: ramani ya hoteli inaishia kwenye ukingo wa juu, je, nyuma ya mlima kuna nini?

"Nyuma tuna ramani ya Babu," Chiriku akasema.

Ile ya ukumbini. Niliichora mwaka wangu wa kwanza wa ualimu: kontua, mistari ya mwinuko, kwa wino wa buluu, na mstari mwekundu kutoka mwamba mkubwa hadi mtoni. Njia niliyoteleza nikiwa kijana, mtu mweusi peke yake juu ya ubao wa kitanda, mlima mzima ukiniangalia. Nimeifundishia jiografia vidato visivyohesabika. Chiriku aliitoa ukutani, akaipiga picha, akaituma kwenye kundi lao. Simu zikalia moja baada ya nyingine.

Alhamisi, 9 Januari

Nilimwita Chiriku. Nikamwambia ule upande wa nyuma si mzuri, wasiende. Akanishika mkono. "Babu, wewe ulikwenda na ubao wa kitanda. Sisi tuna helmeti."

Nikasema theluji imebadilika siku hizi.

Nusu ya ukweli. Hata nusu haikufika, ilikuwa robo. Nilimwona akitoka anatabasamu — kumbe Babu naye amezeeka, ameanza woga.

Jumamosi, 11 Januari

Leo hawapo. Niandike.

Tulikuwa wawili. Wanafunzi wawili wa kwetu katika mji ule wa baridi, chumba kimoja, jiko moja la umeme, koti zuri moja la kupeana zamu. Nilimwita Swahiba, naye akaniita hivyo hivyo. Aliyeng'oa ubao wa kitanda ni yeye. Aliyeupaka nta ya mishumaa ni yeye. Aliyeinama akapita chini ya kamba waliyoifunga walinzi wa mlima ni yeye. Mimi nilibaki juu, kwenye mwamba mkubwa, nikishika koti.

Alishuka salama. Saa mbili baadaye alirudi kwa miguu akizunguka mlima, ndevu zimeganda, anacheka. Jioni ile alikaa kitandani akamwandikia dada yake barua ndefu. Alikuwa akiandika, anacheka tena.

Kesho yake tulipanda tena. Sitasema alijipeleka. Nilimsukuma kwa maneno. "Jana ukungu ulinificha kila kitu. Rudia, leo nikuone."

Akarudia. Akapita ukingo. Nikasikia sauti kama ya gunia likidondoka ghalani, kisha kimya.

Nilisubiri saa nzima. Halafu nikashuka njia ya kawaida, nikaenda kula. Kupita ile kamba kulikatazwa. Wangetufukuza chuo sote wawili. Nikajiambia anazunguka mlima kama jana. Nikajiambia hivyo mpaka asubuhi, ndipo nikawaambia walinzi wakamtafute.

Daktari wao alikuwa mtu mpole. Aliniambia bila kuniangalia kwamba huenda mwenzangu aliishi saa kadhaa baada ya kuanguka.

Nyumbani nilisema homa ya mapafu. Jeneza lilifungwa kwa madini ya risasi, hakuna aliyeliona ndani. Dada yake alikuwa na miaka kumi na tisa. Alinishukuru kwa kumuuguza kaka yake. Ile barua niliitia posta mimi mwenyewe, imefungwa.

Na ule mteremko wa kwanza — sijui ulianza lini kuwa wangu. Mwanafunzi mmoja aliuliza, mwalimu, uliwahi kuteleza? Darasa zima likanyamaza kunisikiliza. Nikasema ndiyo. Basi ikawa.

Ramani? Chini ya ule mwamba sikuwahi kuona hata hatua moja. Zile kontua nilizitoa kichwani. Nilizitanua, zikawa za mteremko wa mtoto. Nilitaka pawe mahali ambapo mtu hafi.

Jumapili, 12 Januari

Nimemwambia binti yangu. Yote. Ilinichukua asubuhi nzima kwa pumzi hizi. Yeye ni mwalimu mkuu, amesikiliza waongo maelfu ofisini kwake. Nilijua atautambua ukweli akiuona.

Aliniachia nimalize. Akanifuta mdomo. Kisha akasema taratibu, "Baba, na hilo kovu la kidevuni?"

Kovu nililowaonyesha tangu wadogo. Alama ya mlima. Nikamwambia nilianguka bafuni chuoni, kwenye sabuni.

Hapo ndipo nilipompoteza. Akatoka kumpigia muuguzi simu. Nilisikia kupitia mlango ulioachwa wazi kwa upendo. Anaweweseka. Anajilaumu kwa kifo cha mtu. Muuguzi akaeleza, nadhani, kwamba vidonge vipya huleta maruweruwe, maana binti yangu alisema "ahaa" mara tatu, kwa faraja.

Nimekuwa mwalimu mzuri mno. Hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja aliyesahau somo.

Jumanne, 14 Januari

Vidonge vimebadilishwa. Hivi vya sasa vinanilaza tu.

Chiriku kaja na zawadi. Ramani yangu imechapwa juu ya plastiki, nakala sita, ya kila mmoja kuning'iniza shingoni. "Haiingii maji, Babu. Hata ukiikunja haikatiki."

Nikamnong'oneza ni ya uongo. Chini ya mwamba ni ya uongo.

Akainama, akanibusu paji la uso. "Mama kaniambia. Usijali, Babu wangu. Tukirudi utakuwa umepona."

Halafu, mlangoni, kwa Mrefu, akidhani masikio nayo yamekwisha: "Anaogopa tutamwacha afe peke yake. Ndiyo maana anatunga." Akalia kidogo. Mrefu akamwambia wanaweza kuahirisha. Akakataa: akiahirisha, Babu atajua kuwa wanamsubiria kifo.

Ningeweza kumshika mkono na kusema ndiyo mwanangu, naogopa kuachwa, baki. Angebaki. Lakini wale watano wangekwenda, na plastiki zao shingoni.

Alhamisi, 16 Januari

Nimemkumbuka dada yake Swahiba. Mkutubi mstaafu, anaishi mji wa jirani. Hutumiana salamu na binti yangu. Mimi nimemkwepa nusu karne kwa adabu kubwa.

Kuna ile barua. Sijui aliandika nini, lakini Swahiba hakuwa mtu wa kunyamazia jambo kama lile.

Nilimwomba binti yangu anipigie namba yake. Akakubali, nadhani alifikiri naaga watu.

"Kaka," sauti ya bibi ikasema. "Wewe? Leo mvua itanyesha."

Nikamuuliza kama barua ya mwisho bado anayo.

"Naijua kwa moyo. Kwa nini leo?"

Nikasema njoo nayo. Nikasema njoo nikwambie. Nilitaka kuendelea, pumzi ikakata, binti yangu akachukua simu na kuomba radhi kwa niaba yangu.

Jumamosi, 18 Januari

Amekuja. Basi la asubuhi. Nimeisikia fimbo yake ukumbini, ikasimama pale ukutani palipobaki peupe baada ya ramani kutolewa. Binti yangu amemwambia mgonjwa amelala. Sijalala. Nimegonga kikombe kwa penseli. Hawasikii, sebuleni wamejaa wanajaribu glovu.

Wamemkaribisha. Chiriku amemmiminia chai, na kama kawaida yake akaanza kumwaga na maneno. Kwamba wanasafiri Ijumaa. Kwamba ni mlima wa Babu. Mgeni akauliza, mlima wa Babu vipi?

Basi anamsimulia. Anamsimulia vizuri kuliko mimi. Ubao wa kitanda, nta ya mishumaa. Amefika kwenye kamba. "Babu akainama, akapita chini." Hapo mimi huwa natua kidogo, naye ametua. Ndevu zilizoganda. Kicheko.

Kikombe cha mgeni kimewekwa chini. Zipu ya mkoba. Binti yangu anasema, "Shangazi, vipi, umechoka? Nikuletee mto?"

Karatasi inafunguliwa, taratibu, kama kitu kilichokwisha kuchanika kwenye mikunjo.

"Kijana, wewe mrefu. Macho yako mazuri?"

"Mazuri, Bibi."

"Mwandiko wake ni mdogo. Soma wewe. Kwa sauti, na yule kule ndani asikie."

Mrefu anakohoa kusafisha koo. Anasema, "Imeandikwa, Dada yangu mpenzi, leo —"