Siku Barisa Alipokosa Fainali

Bura, Jumanne asubuhi

Dada Esta,

Nakusalimu wewe na wote mlio hapo Idsowe. Goti lako linaendeleaje? Na paa la jikoni, limestahimili mvua hii? Mimi ni mzima, ila nakohoa, na mke wangu anasema kikohozi changu ni cha kutafuta chai tu. Tunamshukuru Mungu chai bado ipo ya kugombania.

Huku tumefungiwa. Maji yamekata barabara upande wa Chewele, na upande wa pili laga, lile korongo kavu la kiangazi, imejaa hata lori halithubutu. Mfereji umepasuka, mahindi yamelala kwenye matope, na sisi wakulima tunazunguka kijijini mikono nyuma kama watu waliofutwa kazi. Habari zote tumeshaulizana zikaisha. Jana jirani alinisimulia kisa ambacho mimi mwenyewe nilimsimulia juzi, na nikakaa nikamsikiliza.

Ujumbe wako niliupata mtandao uliporudi kidogo. Kwamba Barisa amefariki, na wamemzika Garsen siku iyo hiyo. Nililia, dada. Nilitoka nje nikajifanya naangalia mbuzi. Niliporudi nikasoma yaliyobaki: vijana wa timu wanataka uwanja uitwe kwa jina lake, lakini Jillo, aliyekuwa kapteni wetu, amekataa katakata. Anasema mtu aliyeikimbia timu siku ya fainali hapewi uwanja. Mnakutana Jumamosi ya wiki ijayo kuamua, na ukaniuliza, wewe uliyecheza naye, si uje useme neno?

Siwezi kuja. Na nikwambie ukweli wangu: niliposikia barabara imekatika, kwanza nilifurahi. Nikasema basi, nimepata udhuru. Furaha yenyewe haikumaliza siku mbili. Nimeulizia boti ya dharura mara mbili, lakini inachukua wagonjwa tu, na kikohozi cha chai hakihesabiki. Muuguzi anayewasindikiza amekubali kubeba barua. Neno lenyewe si la simu, nataka lisomwe.

Barisa unamkumbuka vizuri. Ulikuwa unajidai mpira si mambo yako, lakini akicheza yeye ulikuwa wa kwanza kufika, na leso mpya. Winga wa kushoto, mwembamba, miguu mirefu. Alikuja uwanjani moja kwa moja kutoka kwa ng'ombe, akamkabidhi kocha fimbo yake, akanawa uso, akaingia. Akishika mpira, sisi Wapokomo na wao Waorma tulipiga kelele moja: "Wachunge, Barisa! Wachunge!" Naye aliwachunga kweli. Mabeki walimfuata huku na huku mpaka wakajikuta wamesimama kwenye kibendera cha kona, na mpira umeshaingia golini. Mimi, beki wa kulia, kazi yangu ilikuwa kumpelekea mpira na kuomba asinirudishie.

Mwaka wa ile fainali ulikuwa wa kiangazi kikali. Baba alituachia shamba mpaka kwenye mfereji wa zamani. Baada ya hapo ni malka, njia ya ng'ombe kushukia mtoni, na hakuna mtu anayelima malka. Mimi niliilima. Udongo wake ulikuwa bado na unyevu, nikapanda mahindi, nikaziba kwa miiba huku na huku. Nilijiambia ni msimu mmoja tu.

Asubuhi ya fainali nilikuwa shambani, nimeshavaa jezi, nikisikia ng'ombe wanakuja. Barisa alitokea mbele yao, akasimama kwenye miiba.

"Komora, fungua. Mimi nanywesha hawa, halafu tunaenda mpira pamoja."

"Mahindi yamefika magotini, Barisa. Wapeleke malka ya juu."

"Ya juu mbali sana. Leo fainali."

"Basi kimbia. Si wewe ndiye mwenye mbio?"

Nilisema hivyo, dada, na nikacheka. Nilidhani atachelewa kidogo tu. Ng'ombe walikuwa wameshanusa maji, na miiba yangu isingewazuia hata kidogo. Angewaachia tu wangepita. Lakini alisimama mbele yao na fimbo, akipiga mluzi, akiwarudisha mmoja mmoja. Alijua wakiingia shambani siku ile, kabla ya jua kutua watu wake na watu wetu wangekuwa wameshikiana mapanga. Na mimi nilijua. Nikasimama ndani ya ua wangu nikimtazama akizunguka.

Tulifungwa magoli matatu na watu wa Hola. Barisa alifika watu wanatoka, miguu imepasuka, jezi iko mkononi. Jillo alimnyang'anya. "Nenda uchezee ng'ombe wako," alimwambia. Wengine wakamtukania kabila lake. Barisa akaniangalia mimi. Nikainama kufungua kamba za viatu, na sikuinuka mpaka alipoondoka. Hakuichezea timu tena.

Mnadhani nilikuja Bura kutafuta shamba. Shamba nilikuwa nalo. Nilikuja kwa sababu nilishindwa kupita pale uwanjani. Hata maji haya yakishuka kesho, mimi sitakuwa nimefunguliwa.

Mwaka mmoja Barisa alipita hapa Bura na mbuzi wa kuuza. Nilimpa chai, nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Mimi nikisema, wao wanapiga wewe. Halafu watu yangu wanasikia malka imefungwa, wanakuja na ng'ombe yote. Na mpira ilikuwa imeisha." Kisha akaniuliza habari za watoto. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linalonikaba mpaka leo.

Sasa sikia ninachokuomba. Simama siku hiyo usome barua hii yote. Usiruke mstari kwa kunionea haya. Jillo awepo. Watasema nyumba yetu ndiyo iliyoikosesha Garsen kombe, na watakuwa wamesema kweli.

Na kuna gumu zaidi. Ile njia bado imezibwa. Wanao walipanda migomba pale nilipoacha mahindi, na najua ndizi zile ndizo zinazokulisha. Siwezi kukuamrisha, mimi niliyekimbia. Lakini ukiisoma barua huku malka imefungwa, tutakuwa tunampa marehemu uwanja na kumnyima njia. Migomba ikatwe, dada. Ukinikasirikia, una haki, nami nitakaa kimya.

Msalimie shemeji, na wanao wawili, ambao najua watanitukana wakiwa na panga mkononi. Msalimie mama mdogo anayeuza maandazi stendi ya Garsen, na mchungaji wetu. Jillo mwambie bado namheshimu kama kapteni wangu, na aliyestahili kunyang'anywa jezi siku ile ni mimi.

Mjane wa Barisa simpelekei salamu, maana sina uso wa kumsalimia. Ukimaliza kusoma, mpe barua yenyewe abaki nayo.

Ni mimi nduguyo niliyeifunga malka,

Komora